Siku Meja Aliposema Diina

Kwanza maji. Anayetaka kazi ya ukalimani aanze na maji, tena ya uvuguvugu, si haya ya friji mnayoyapenda. Maji baridi hubana koo, na mwanasiasa akishaushika mkutano hana habari na koo lako. Yeye atasema jambo moja, apumzike akipigiwa makofi. Wewe utalisema jambo hilohilo bila makofi, kisha utamkuta keshaanza jingine. Nimeona mabingwa wa lugha wakiishia kukohoa mbele ya halaiki kwa sababu ya soda.

Mimi nimekuwa mkalimani wa mikutano tangu nilipokuwa na meno yote. Garsen, Hola, Wema, Idsowe, mpaka Chewele nilikozaliwa. Baba yangu alikuwa Mpokomo mkulima wa ukingoni mwa mto, mama yangu Muorma, na Kisomali nilikiokota nikiwa msichana, nikiuza chai mnadani kwa wachuuzi wa ng'ombe. Kampeni zikianza, wagombea wa vyama vyote walisema neno moja: "Mwiteni Mdomo." Hilo ndilo lililokuwa jina langu. Wengine wangeona ni tusi, mimi nililipenda.

Juzi mjukuu wangu na wenzake walikuwa wananitania. "Nyanya, siku hizi simu inatafsiri yenyewe. Job yako imeisha." Nikasema haya, iulizeni simu yenu maana ya diina. Ikazunguka weee, ikasema haiijui lugha hiyo. Wakaanza kuulaumu mtandao. Nikawaambia wakae chini, niwape kisa cha neno hilo, maana nililiona likikaribia kuua mtu mchana kweupe, na nikaona lililofuata, ambalo mpaka leo nikilikumbuka mwili unanisisimka.

Lakini msinikimbize. Lazima mumjue kwanza Mzee Barisa.

Barisa ndiye aliyenifunza kazi. Alikuwa akiwatafsiria maafisa wa mifugo enzi za kampeni za chanjo, na alikuwa na masharti kuliko mganga. Simama kushoto kwa msemaji, nyuma kidogo. Tazama mdomo wake, usitazame watu, watu watakutia huruma au hofu. Usibebe sentensi nzima, beba pumzi: akivuta pumzi, hapo ndipo pako. Na sharti lililoyapita yote: akisema mimi, na wewe useme mimi. Usiseme "anasema kwamba yeye". Ukisema hivyo unajitoa, na watu wanaanza kukusikiliza wewe badala yake.

Sharti hilo liliniaibisha mara nyingi, mimi mwanamke. Kuna mgombea mmoja alikuja Wema akajigamba, "Mimi ni mwanamume wa maneno machache!" Nami nikavuta pumzi, nikasema kwa Kiorma, kwa sauti yangu nene, kwamba mimi ni mwanamume wa maneno machache. Wazee walicheka hadi wakashika fimbo zao wasianguke. Mgombea akadhani ni utani wake umewakolea, akaurudia. Nami nikaurudia. Barisa alikuwa ameketi pembeni, hakucheka hata kidogo. Baadaye aliniambia, "Hapo ndipo umekuwa mkalimani."

Mwingine alitoka Nairobi na suti yake, akaahidi daraja la kidijitali. Nikalitafsiri lilivyo, daraja ni daraja. Mama mmoja wa Idsowe akauliza litajengwa sehemu gani ya mto, maana upande wao ukingo unamomonyoka. Basi tulishinda pale tukizungumzia ukingo, na mgombea wa watu akaondoka bila kuelewa kilichompata. Sasa nyie mnacheka, lakini kila neno geni lina jamaa zake katika lugha ya pili, na hao jamaa hawakuulizi kabla ya kuja.

Ndivyo ilivyokuwa na sera za nje. Mara ya kwanza kulikuta jambo hilo kwenye kampeni nilisema tu mipango ya mambo ya nje. Mfugaji mmoja akainua mkono, akauliza, "Nje ya boma au nje ya kaunti?" Watu wakaguna. Nikampelekea mgombea swali hilo, akalichukulia kama mzaha. Mfugaji akasema hafanyi mzaha: ng'ombe wake wako nje sasa hivi, wamefuata mvua kuelekea mpakani, na mwanawe yuko nao, kwa hiyo anataka kujua ni nje ipi inayopangiwa mipango. Hakujibiwa. Tukiwa garini kurudi, Barisa aliniambia swali lile nilitunze, kwa kuwa siku moja litarudi. Mimi nilifikiri ni uzee.

Barisa alikuwa na maneno aliyonikataza. Hakuwa na haja ya kunikataza matusi. Alinikataza maneno safi. La kwanza lilikuwa diina. Kwa Waorma diina ni adui. Mtu akisema diina, mfugaji anafikiria mtu anayemvizia na mifugo yake. Lakini mbele ya kadamnasi ya Garsen kuna Wasomali, na kwao diin ni dini. Kuna sisi wa Kiswahili pia, na masikio yetu yanasikia dini vilevile. Waorma wenyewe ni Waislamu, wana dini na wana diina, na wanavitofautisha kwa jinsi wanavyovitamka. Mgeni atavitofautisha vipi, tena kwenye spika inayokoroma? "Ukiwa na watu waliochanganyika," Barisa alisema, "sema anayetudhuru. Ni refu lakini halimwagi damu." Miaka yote hiyo nikasema anayetudhuru. Watu walidhani ni mbwembwe zangu.

Sasa tufike mnadani.

Ilikuwa kampeni ya karibuni tu, si zile za zamani. Vijana wa redio walikuwa wameandaa mdahalo wa wagombea ubunge, mchana, pale mnadani Garsen siku isiyo ya mnada, kwa hiyo mavi ya ng'ombe yalikuwa yamekauka na kulikuwa na nafasi. Wagombea waliokuja ni wawili. Mmoja tulimwita Mwalimu, kwa kuwa alifundisha kwa muda mrefu kabla ya siasa kumchukua. Wa pili tulimwita Meja, askari mstaafu wa kutoka Idsowe, mtu mnyoofu, aliyewahi kutumwa Somalia na jeshi letu. Kiti changu kilikuwa kushoto kwao. Mwalimu au Meja akisema Kiswahili, mimi naweka Kiorma. Mfugaji akiuliza kwa Kiorma, naweka Kiswahili.

Mada yenyewe mnaijua, maana ndiyo iliyokuwa midomoni mwa watu wote. Magari ya Lamu yalikuwa hayaendi bila eskoti, kwa kuwaogopa wale wapiganaji wanaovuka kutoka Somalia. Abiria walikuwa wakikusanywa Gamba, wanangoja askari wawasindikize, na bado kuna waliokwenda wasirudi. Basi swali likawa: majeshi yetu yaliyoko ng'ambo ya mpaka yabaki huko au yarudi?

Mwalimu alisema yarudi. "Tumekaa kule tangu lini? Na bado mama wa Garsen hawezi kwenda kumwona mgonjwa Lamu bila bunduki mbele na bunduki nyuma. Kama vita vile vinatulinda, mbona hatulindiki?" Akapigiwa makofi mazito.

Aliyepiga makofi kwa nguvu zaidi alikuwa Mama Guyo, ameketi mbele kabisa na madumu yake ya maziwa yaliyokwisha kuuzwa. Nyote mnamjua Mama Guyo. Guyo mwanawe ni askari, na wakati ule alikuwa huko huko ng'ambo. Simu zake zilikuwa zikija kwa nadra, dakika chache, mtandao ukikubali. Mama huyu hakuja kusikiliza barabara wala bei ya mbolea. Alikuja kumsikia mtu akisema Guyo atarudi nyumbani, na Mwalimu alikuwa amelisema.

Meja akasimama. Alisema majeshi yakitoka kule, wale watu hawatabaki kule, watakuwa hapa kabla hatujakunja mikeka. Alisema amewaona kwa macho yake. Alisema vizuri, mimi mwenyewe nikitafsiri nilihisi baridi. Lakini makofi yalikuwa machache, na mwanasiasa akinyimwa makofi huanza kutafuta njia ya mkato. Meja akageuka, akanikonyeza nikae. Akataka awafikie Waorma bila mimi. Na neno alilokuwa nalo, alilofunzwa na marafiki zake wafugaji, lilikuwa lile moja.

"Diina!" akapaza sauti, kidole juu. "Tulikwenda kule kupiga diina! Na diina akivuka mpaka, tutampiga hapahapa Garsen!"

Spika ikakoroma. Wazee wa Kiorma wakatikisa vichwa kukubali, adui apigwe, ndiyo. Upande wa pili wa uwanja watu wakatazamana kama waliomwagiwa maji.

Kisha akasimama Warsame. Huyu ni Msomali mwenye duka la nguo na sukari pale stendi, mtu ambaye hata kondoo wake hamfokei. Siku hiyo alifoka. "Nasema nini huyu? Nasema napiga dini? Jeshi nakwenda kule napiga dini, sasa nakuja napiga dini hapa?" Na nyuma yake vijana, Wasomali na Wapokomo pamoja, wote wamesikia dini kwa masikio yao, wengine wameshairekodi kwenye simu. Nikamwona mmoja akiinama kuokota jiwe. Halafu wa pili. Meja alisimama tu, hajui amekosa nini, bado kidole kiko juu.

Mtaniuliza kwa nini sikuruka kuchukua maiki. Mkalimani hasemi lake, na hakuna aliyekuwa amenipa neno la kusema. Lakini ukweli wenyewe, hata ningesema, nani angenisikia? Kelele ilikuwa imeshaniziba.

Aliyeinuka ni Mama Guyo. Alikuja mbele na dumu tupu mkononi, akaligonga juu ya meza ya wagombea, ko, ko, ko, kama anavyofanya kupiga hodi za maziwa asubuhi. Sauti hiyo kila mtu wa Garsen anaijua, unaisikia ungali kitandani. Sijui niwaeleze vipi. Watu wenye mawe mikononi walinyamaza kwa mazoea, kama wanaotaka kutoa sufuria.

Akanitazama mimi, akaanza kwa Kiorma. Nikavuta pumzi naye.

"Mimi ni mama yake Guyo," nikasema kwa Kiswahili. "Neno alilosema Meja kwetu ni adui. Ametamka lugha yetu vibaya, na nyinyi mmesikia lugha yenu. Kila alfajiri mimi naswali, namwomba Mungu kwa dini yangu, diina asimwone mwanangu. Maneno yote mawili yako katika dua moja, na Mungu hajawahi kuyachanganya."

Nilisikia mawe yakianguka chini. Si yote kwa pamoja, moja hapa, moja pale.

"Mwanangu yuko kule," nikasema, na hapo ndipo sauti ilipotaka kunisaliti. Sikumzaa Guyo. Lakini sharti la Barisa ni sharti, akisema mimi, nami niseme mimi, na nilipotamka mwanangu mbele ya umati ule nilihisi tumbo langu likimdai. "Mwanangu yuko kule, na nimekuja hapa kumpa kura yangu yeyote atakayenirudishia."

Warsame alikuwa bado amesimama. Hasira ilikuwa imemtoka, akawa kama mtu aliyesahau alichojia. Akauliza, taratibu, "Mama, mtoto yako iko mji gani?"

Mama Guyo akautaja mji.

Warsame akakaa chini, pale pale kwenye vumbi. Akaniashiria nisogeze maiki, akazungumza Kisomali kwa sababu Kiswahili hakikumtosha. Nami nikawa naweka Kiswahili, kisha Kiorma kwa ajili ya Mama Guyo, pumzi mbili kwa kila pumzi yake moja.

"Dada yangu yuko mji huo," nikasema. "Anauza chai, nyumba yake haiko mbali na kambi. Kabla askari hawajafika, wale watu walimfungia kibanda, walimpiga, walimchukua mume wake na hajulikani alipo. Sasa anauza chai. Nimekuja hapa leo na dua moja tu, askari wasiondoke. Na ni mimi niliyekuwa wa kwanza kumpigia Meja kelele."

Wajukuu zangu, nimesimama kwenye mikutano mingi. Nimeona maelfu wakipiga makofi, nimeona viti vikirushwa. Sijawahi kuona umati ukielewa jambo kwa wakati mmoja namna ile. Mwalimu akishinda, Guyo anarudi na dada yake Warsame anabaki na wale watu. Meja akishinda, dada analindwa, na anayemlinda ni Guyo, mtoto wa mama huyu mwenye dumu. Watu wawili wanaonunuliana maziwa na sukari kila siku, na kila mmoja alikuwa amekuja kuomba jambo linalomuumiza mwenzake, bila kujua. Mbuzi mmoja alilia huko kwenye zizi la mnada na nikamsikia mpaka mwisho.

Mama Guyo akawageukia wagombea. "Haya. Semeni mtafanyaje."

Meja ndiye aliyejibu, yule yule Meja. Alivua kofia yake. "Mama," akasema, "sijui."

Nikageuka kulitafsiri na nikagundua sijawahi. Kwa miaka yote ile, kampeni zote zile, hakuna mgombea aliyewahi kunipa neno hilo nilibebe. Nilinena kwa Kiorma, sijui, kisha kwa Kisomali, sijui, na kila nilipolisema niliona watu wakiinamisha vichwa, si kwa dharau. Mwalimu naye akasogeza maiki yake. "Nami sijui, mama. Nilidhani najua." Mdahalo uliishia hapo. Mwendeshaji, binti wa redio, hakufunga kwa maneno yoyote, alizima tu spika.

Aliyeshinda uchaguzi mnamjua, sina haja ya kumtaja, na hakumrudisha Guyo wala hakumwondoa mtu. Mambo hayo huamuliwa mbali na hapa.

Ila asubuhi iliyofuata Warsame aliniita dukani. Mama Guyo alikuwa ameshafika. Simu iliwekwa juu ya kaunta, sauti wazi, na upande wa pili alikuwa dada mwenyewe. Mama Guyo akataka nimuulize kama amewahi kumwona kijana wake, mrefu, mwenye pengo la jino. Dada akasema hapana, askari hawatoki ovyo, na yeye hathubutu kusogea langoni. Mama Guyo akanyong'onyea. Kisha dada akasema, "Lakini alfajiri nawasikia. Wanakimbia mazoezi ndani ya ukuta wakiimba."

"Wanaimba lugha gani?"

"Kiswahili. Sikielewi. Wakiimba najua wameamka salama, nami naweka chai jikoni."

Mama Guyo alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Alilia, na Warsame akajifanya anapanga vitenge. Kisha dada, kama watu wafanyavyo mwisho wa simu, akauliza hali zetu: "Na nyinyi huko nje, mko salama?"

Nilikwama. Huko nje. Nikamkumbuka yule mfugaji na swali lake, nikamkumbuka Barisa garini. Miaka yote nimetafsiri sera za nje nikitazama upande ule, na kumbe kuna mwanamke upande ule, anachemsha chai, anatutazama sisi, na kwake nje ni Garsen. Nilichelewa hadi Mama Guyo akanigusa bega. Nikamwambia ameuliza kama tuko salama. Akasema, "Mwambie tuko. Kwa sababu yake yeye, leo tuko."

Tangu siku hiyo dada humtumia Warsame ujumbe wa sauti kila alfajiri mtandao ukiwapo. Ni maneno mawili tu, maana simu huko hukaguliwa na hataki kujiponza. Wiki za mwanzo nilikuwa nikienda dukani kuyatafsiri. Sasa nimestaafu, magoti hayanipi ruhusa, lakini jana niliishiwa sukari nikapita pale asubuhi. Mama Guyo aliingia na madumu. Warsame aliinua kichwa, akasema kwa Kisomali, "Way heeseen." Wameimba.

Mama Guyo akaweka madumu chini, akajibu Alhamdulillahi, akaanza kumpimia maziwa. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale kushoto, nyuma kidogo, nimeshavuta pumzi. Hakuna aliyegeuka kunitazama.